Aliyechora na Aliyeamuru

Septemba 1988, uwanja wa ndege wa Linate, Milan. Wakubwa wanne wa McLaren wanasubiri ndege iliyochelewa. Wametoka kushindwa Monza. Msimu ule ulikuwa na mbio 16 za Formula 1, na timu yao ilishinda 15. Hiyo moja iliyowaponyoka ilichukuliwa na Ferrari, nyumbani kwao Italia, wiki chache tu baada ya Enzo Ferrari kufariki. Ron Dennis, Mansour Ojjeh, Creighton Brown na Gordon Murray hawakuwa na la kufanya ila kuongea, na maongezi yakafika kwenye swali la nini kinafuata kwa timu iliyokwisha kushinda karibu kila kitu. Wakakubaliana kutengeneza gari la barabarani. Kazi akapewa Murray.

Miaka tisa baadaye, ndani ya treni ya kasi kati ya Tokyo na Nagoya, Ferdinand Piëch, mkuu wa Volkswagen, alichukua bahasha akachora juu yake injini ya silinda 18. Mwaka uliofuata kampuni yake ilinunua jina la Bugatti, na hatimaye silinda zikapungua zikawa 16.

Supakaa mbili zilizotokana na mazungumzo hayo, McLaren F1 na Bugatti Veyron, zimebishaniwa kuliko nyingine zozote ninazozijua. Ubishi wenyewe kwa kawaida huenda hivi: huyu anasema wepesi, yule anasema nguvu, huyu anataja kilo, yule anataja farasi. Mimi ninasomea historia ya teknolojia, na nimekuja kuamini kwamba mgawanyo huo unatupoteza. Lakini tuanze nao, maana una utamu wake.

Murray alizaliwa Durban mwaka 1946, wazazi wake wakiwa na asili ya Uskoti. Alisoma uhandisi katika chuo cha ufundi cha mjini humo, akajitengenezea gari la mashindano na injini yake, akaliendesha mwenyewe. Tusijidanganye: alikuwa kijana wa Kizungu katika nchi ya ubaguzi, na milango ya chuo kile haikuwa wazi kwa vijana wengi wa Durban. Hata hivyo, ukosefu wa vipuri na fedha ulimfundisha jambo ambalo fundi yeyote wa gereji ya mtaani analijua, kwamba kifaa usichokiweka hakiharibiki, hakigharimu na hakina uzito. Mwaka 1969 alikwenda Uingereza akitafuta kazi Lotus. Akaangukia Brabham.

Huko ndiko alikotengeneza gari la feni. Mwaka 1978, Brabham BT46B ilifungwa feni kubwa nyuma. Murray alisema ni ya kupoza injini, na kweli ilipoza, ila kazi yake kubwa ilikuwa kufyonza hewa chini ya gari ili liing'ang'anie barabara. Niki Lauda alishinda nalo Sweden. Wapinzani wakapiga kelele, gari likaondolewa, halikukimbia tena. Mbio moja, ushindi mmoja.

McLaren F1 ilioneshwa Monaco mwezi Mei 1992. Dereva anakaa katikati, abiria wawili wamerudi nyuma kidogo kila upande. Chasi yake ni ya nyuzi za kaboni. Uzito wake ni kilo 1,138. Injini ya V12 ya lita 6.1 ilitoka BMW, kwa mkono wa Paul Rosche, ikiwa na nguvu za farasi 627 bila turbo hata moja. Murray hakutaka turbo kwa sababu turbo huchelewesha jibu la mguu. Hakuweka usukani wa pawa, wala breki za ABS, wala kifaa cha kuzuia tairi zisiteleze. Inasimuliwa kwamba alilalamika injini ilipomfikia ikiwa imezidi kilo 16 juu ya 250 alizoomba, na kwamba Rosche alikuwa amempa farasi wengi kuliko aliowaagiza. Mtu anayelalamika baada ya kupewa zaidi! Hapo ndipo utakapomwelewa.

Na hapo hapo ndipo ninapocheka kidogo, maana ukifungua sehemu ya injini ya gari hilo la kujinyima, unakuta imetandikwa dhahabu. Murray ana jibu: dhahabu huakisi joto vizuri, na utando wake ni gramu chache tu. Sawa. Ila gari liliuzwa pauni 540,000, na yalitengenezwa 106 tu. Kujinyima kwa namna hiyo ni kwa wale wasiojinyima kitu.

Veyron ni habari nyingine kabisa. Piëch hakuanza na kilo. Alianza na orodha ya masharti: gari livuke farasi 1,000, livuke kilomita 400 kwa saa, litoke sifuri hadi 100 chini ya sekunde tatu, na jioni hiyo hiyo mtu aweze kwenda nalo kwenye opera akiwa amevaa suti, bila kutoka jasho. Kisha akawaachia wahandisi. Miaka ikapita, tarehe za kuanza kuuza zikasogezwa, wakuu wa mradi wakabadilishwa. Mwaka 2003, gari la majaribio liliserereka likazunguka mbele ya umma huko Laguna Seca, Marekani. Joto ndilo lililokuwa adui: injini inayotoa farasi elfu moja hutoa pia joto la kutosha kuangamiza kila kilicho karibu, kwa hiyo Veyron ikaishia na rejeta kumi. Kila rejeta ina mabomba yake, uzito wake. Gari lilipotoka mwaka 2005 lilikuwa na kilo 1,888, farasi 1,001, turbo nne, na kasi ya kilomita 407 kwa saa.

Sasa piga hesabu. F1, katika jaribio la mwaka 1998 kwenye njia ya Ehra-Lessien, Ujerumani, ilifika kilomita 386 kwa saa. Veyron ilihitaji farasi 374 zaidi na kilo 750 zaidi kupata kilomita 21 tu. Mashabiki wa Murray hutaja hesabu hii kama hukumu ya mwisho. Si ya mwisho. Ukiongeza kasi mara mbili, upinzani wa hewa huongezeka mara nne na nguvu inayohitajika huongezeka mara nane, kwa hiyo kila kilomita ya juu ni ghali kuliko iliyotangulia. Isitoshe, F1 ile ilikuwa mikononi mwa Andy Wallace, dereva wa mashindano, na kidhibiti cha mizunguko ya injini kilikuwa kimelegezwa. Veyron ilipaswa kufika huko mikononi mwa mnunuzi yeyote mwenye ufunguo wa pili, ikiwa na kiyoyozi na viti vya ngozi, kisha irudi nyumbani salama. Ukiwa mkweli, ya pili ni kazi ngumu zaidi. Murray mwenyewe aliibeza Veyron hadharani kabla haijatoka. Alipokuja kuiendesha, akaisifu jinsi inavyoficha uzito wake.

Ubishi huu haukuanza nao. Mwaka 1987 Ferrari walitoa F40, gari la mwisho kupata baraka za Enzo mwenyewe, halina zulia, na mlango wake unafunguliwa kwa kuvuta kamba. Wakati huo huo Porsche walikuwa na 959, lenye kuendesha magurudumu yote manne, kupanda na kushuka kimo, na kupima lenyewe upepo wa tairi. La kwanza lilimdai dereva ujuzi, la pili lilimkopesha. Kwa wanaopenda kugawa dunia mafungu mawili, Murray ni mrithi wa F40 na Piëch wa 959, na hadithi imekwisha.

Tatizo ni kwamba Piëch naye alijua kupunguza. Aprili 2002, akiwa anakaribia kuachia ukuu wa Volkswagen, aliendesha kigari cha majaribio kutoka Wolfsburg hadi Hamburg, kwenye mkutano wa wanahisa. Kigari kilikuwa na uzito wa kilo 290, watu wawili wamekaa mmoja nyuma ya mwenzake, na kilitumia wastani wa lita 0.89 kwa kilomita 100. Huyu ni mtu yule yule, katika miaka ile ile ambayo Veyron ilikuwa ikiteswa na joto lake. Basi itikadi yake haikuwa uzito. Ilikuwa namba. Lita moja kwa kilomita 100, farasi 1,000, kilomita 400: unaitamka namba hadharani, halafu hakuna anayeruhusiwa kurudi nyuma.

Na hakuwa bosi asiyejua anachokiagiza. Mjukuu huyu wa Ferdinand Porsche alisoma uhandisi Zurich, akaongoza utengenezaji wa Porsche 917, gari lililoipa Porsche ushindi wa kwanza wa Le Mans mwaka 1970, kisha Audi Quattro. Alijua kuchora. Lakini alipofika juu alichora bahasha moja, na kazi iliyobaki ikawa amri. Bob Lutz, aliyeongoza kampuni kubwa za magari Marekani, amesimulia kwamba alimuuliza Piëch walipataje nafasi finyu vile kati ya milango na bodi ya Golf. Kwa masimulizi ya Lutz, Piëch alijibu kwamba aliwaita wahandisi wa bodi, akawapa wiki sita, na kuwaambia wasipoweza watafukuzwa wote.

Wakaweza. Ndiyo maana simulizi hiyo inaogopesha. Njia hii huleta matokeo mpaka siku inapokutana na kitu kisichotii amri. Septemba 2015, miezi michache baada ya Piëch kujiuzulu uenyekiti wa bodi ya usimamizi, ilifichuka kwamba Volkswagen waliweka programu ya kudanganya vipimo vya moshi katika magari ya dizeli yapatayo milioni 11. Hakuna mahakama iliyomtia Piëch hatiani, wala sidai alijua. Lakini Lutz, na wengine baada yake, walilihusisha kosa lile na mazingira ambamo mhandisi aliogopa kusema "haiwezekani" kuliko alivyoogopa kudanganya. Kwa mhandisi anayejua kwamba bosi hapokei hapana, rejeta kumi na programu ya uongo ni majibu mawili ya swali moja. La kwanza tunalipiga picha, la pili watu walilivuta mapafuni.

Murray hakuwa malaika, na waliofanya naye kazi bado wanavutana juu ya nani hasa alibuni gari lile lililoshinda mbio 15. Ila yeye alibaki kwenye meza ya kuchorea, karibu na tatizo, mahali ambapo namba ikigoma unaiona ikigoma na unaibadilisha. Mwaka 2020 alitoa T.50: chini ya tani moja, viti vitatu, dereva katikati, gia za mkono, na nyuma yake feni, miaka 42 baada ya ile ya Sweden. Yalipangwa kutengenezwa 100, kila moja kwa zaidi ya pauni milioni mbili. Kama ingekuwa hiyo tu, ningemaliza kwa kusema ni ubishi wa matajiri na tuwaachie wenyewe.

Ila miaka saba kabla ya hapo, Murray alionesha lori linaloitwa OX, kazi aliyoombwa na mfadhili Torquil Norman kwa ajili ya vijiji vya nchi zenye barabara mbovu. Linasafirishwa likiwa vipande, sita katika kontena moja la futi 40, na kuunganishwa kule liendako. Paneli nyingi za bodi zinaweza kufungwa upande wowote, kulia au kushoto, ili vipuri viwe vichache. Linabeba kilo 1,900. Viti vya mbele ni vitatu, na usukani uko katikati, kwa hiyo lori lile lile linafaa Tanzania wanakoendesha kushoto na Rwanda wanakoendesha kulia. Kampuni iliyorithi mradi huo ililigeuza kuwa la umeme, na ni Rwanda ndiko ilikoanza kubeba mizigo ya wakulima na wafanyabiashara wadogo, ikiwatoza kwa safari badala ya kuwauzia gari.