Obokano: Kinubi cha Abagusii na mtego wa santuri

OBOKANO ni ala ya nyuzi ya Abagusii, jamii inayoishi hasa katika kaunti za Kisii na Nyamira, magharibi mwa Kenya. Ni ya ukoo mmoja na nyatiti ya Waluo na litungu ya Wabukusu, lakini huzishinda kwa ukubwa na kwa uzito wa sauti.

Ala hii huundwa kwa bakuli la mti lililowambwa ngozi. Mikono miwili ya mti hupanda kutoka bakulini na kuunganishwa juu kwa ufito, ambako nyuzi 8 hufungwa na kukazwa. Desturi ilikuwa kutumia kano za ng'ombe. Nyuzi za nailoni zilikuja baadaye. Mpigaji huketi, akazipiga nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili huku akiimba sifa, historia na maonyo.

Wimbo wa obokano haukuzaliwa katika karatasi. Mpigaji hulinganisha nyuzi na sauti yake mwenyewe, huchagua mwendo, na huweza kurefusha maneno ili kuwataja waliohudhuria. Kwa hiyo wapigaji wawili wa wimbo mmoja hawafanani, na hakuna kati yao aliyekosea.

Jambo hilo huipa santuri uzito usio wa kawaida. Kwa mfano, Beethoven alikamilisha sonata yake ya 32, ya mwisho kwa piano, mwaka 1822, akaacha noti zilizoandikwa. Mpiga piano Artur Schnabel alirekodi sonata zote 32 jijini London kati ya 1932 na 1935. Asiyeridhika na tafsiri yake hurejea kwenye noti zilezile na kutoa hoja yake. Kwa obokano hakuna noti za kurejea. Rekodi moja, ambayo ni tafsiri ya mtu mmoja siku moja, huweza kudhaniwa kuwa ndiyo wimbo wenyewe.

Hatari hiyo huongezwa na ufinyu wa vyombo. Upande mmoja wa santuri za zamani ulibeba dakika tatu au nne tu, ilhali wimbo wa sherehe hufuata muda wa sherehe yenyewe. Kipaza sauti duni nacho hupoteza sauti nzito, ambazo ndizo fahari ya obokano.

Rekodi hata hivyo ina faida kubwa, kwani mpigaji mzee anapofariki bila mwanafunzi, huenda ndiyo pekee itakayobaki. Kinachohitajika ni kurekodi wimbo mmoja kwa wapigaji kadhaa wa Kisii na Nyamira, bila kuukata, na kuandika jina la mpigaji, mahali, shughuli na jinsi nyuzi zilivyolinganishwa. Hapo kijana anayejifunza atapata njia nyingi za kupita, badala ya sauti moja ya kuiga.