Waliorudi walirudia nini?

Hapa Kilburn, mtaa wa Waairishi waliofuata kazi London, sisi watoto wa Wakenya tumezoea lawama: eti wasomi wetu wamesahau kwao. Lakini cheki historia. Septemba 1959 Tom Mboya na wenzake walipeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege moja. Wengi walirudi. Wangari Maathai aliondoka 1960, akarudi Nairobi 1966. Uzalendo ulikuwepo, sawa, ila pia Uhuru wa 1963 ulifungua nafasi zilizokuwa za Waingereza. Mwaka 2021 serikali ya Kenya yenyewe ilitia saini makubaliano ya kuleta Uingereza wauguzi wake wasio na ajira. Basi kabla ya kumuuliza anti muuguzi atarudi lini, mimi nauliza: akirudi, kazi gani inamngoja?