Safari 8 za kibabe Migori na Homa Bay ambazo lazima ufanye kabla hujazeeka

Kila msee ana ile listi ya vitu anataka kufanya maishani. Kuruka na parachuti Diani. Kupanda Mlima Kenya. Kupiga luku Dubai na yale majengo marefu nyuma. Hakuna ubaya, ota tu, ndoto hazilipiwi.

Lakini kuna kona moja ya Kenya ambayo wengi wetu tunaipita kwa mat tukienda shagz ama matangani, shingo imelala kwa dirisha, na hatujui tumepita nini. Hii ni Migori na Homa Bay. Huko kuna ngome za mawe za zaidi ya miaka 400, swala ambaye hapatikani kwingine Kenya, visiwa vyenye michoro ya watu wa kale, na ziwa ambalo usiku linawaka taa kama Nairobi.

Na kuna sababu ya kuenda sasa badala ya kungoja uomoke. Listi nyingi husema ufanye hivi na vile kabla hujafa. Huku, baadhi ya vitu vinaeza isha kabla yako. Soma polepole.

1. Inama uingie Thimlich Ohinga

Hii iko Migori, kama kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wenyewe. Kwa Kijaluo, "thim" ni msitu na "lich" ni kitu cha kuogofya, na "ohinga" ni boma la mawe. Watu walipanga mawe juu ya mawe, bila simiti, bila udongo wa kushikilia, na kuta zikasimama. Wataalamu wanakadiria zilijengwa karne ya 16. Mahali pengine ukuta unafika mita 4 na zaidi, na upana wake unaeza kuzidi mita moja.

Milango ndiyo itakubamba zaidi. Ni mifupi na myembamba makusudi, unaingia umeinama. Sasa fikiria wewe ni adui umekuja kuiba ng'ombe: kichwa chako ndicho kinatangulia ndani, na wenye boma wanakungoja na rungu. Hiyo ilikuwa sekyuriti kabla ya kamera.

UNESCO iliiweka kwa orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2018. Iko daraja moja na Fort Jesus na mji wa kale wa Lamu, lakini unaeza fika upate uko peke yako na mlinzi. Usipande juu ya kuta ndio upate picha kali. Jiwe moja likitoka, yale mengine yanafuata, na hakuna simiti ya kuyazuia.

2. Msake korongo ndani ya Ruma

Mbuga ya Ruma iko bonde la Lambwe, Homa Bay, na ina ukubwa wa kilomita 120 mraba. Ilianza 1966 kama hifadhi, ikawa mbuga ya kitaifa 1983. Hapa si Mara, hakuna foleni ya magari kumi yakizunguka simba mmoja. Kuna twiga, nyati, vifaru na nyasi ndefu mpaka milimani.

Lakini mwenye Ruma ni korongo. Si yule ndege, hapana. Huyu ni swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma na uso mweusi kwa mweupe kama amevaa barakoa. Wazungu humwita roan. Afrika kwingine bado wapo, lakini Kenya wamebaki Ruma pekee, na sensa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu 15 tu. Kumi na tano! Hao hata mat moja ya abiria 14 haiwatoshi vizuri, lakini wanakaribia.

Kwa hivyo ukienda usiende na kiburi. Unaeza zunguka siku nzima ukose kumwona. Mwombe askari wa mbuga akupeleke, uamke mapema, na usivae bluu wala nyeusi. Lambwe ina mbung'o, na hao wadudu wanapenda hizo rangi mbili sana, ndio maana hata mitego yao hushonwa kwa kitambaa cha bluu na nyeusi.

3. Zunguka Simbi Nyaima asubuhi na mapema

Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la mviringo, ndani ya shimo la volkano. Maji yake ni ya magadi, rangi ya kijani, na mara nyingine flamingo hujaa ukingoni.

Wenyeji wana hadithi yake. Kulikuwa na kijiji, na usiku mmoja watu walikuwa kwa sherehe wakinywa na kucheza ngoma. Dani mmoja mzee akafika, amechoka, ananyeshewa, anaomba mahali pa kulala. Wakamfukuza. Mama mmoja tu ndiye alimhurumia, na dani akamwambia atoke hapo haraka. Mvua ikaja, kijiji kikazama chote. Jina lenyewe linamaanisha kijiji kilichozama.

Tembea ukizunguka lote, miguu tu, hakuna haja ya gari. Usiogelee. Na ukipatana na mzee njiani, msalimie kwanza: "Oyawore." Umesikia kilichofanyikia wale wengine.

4. Panda Mlima Homa

Ukisimama ufuoni Kendu Bay utauona, umejitenga kwenye rasi yake kama mtu aliyekasirika. Ni volkano iliyokufa, inafika mita 1,751 juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko karibu mita 1,134, kwa hivyo miguu yako inapanda kama mita 600. Si mchezo, lakini msee wa kawaida asiye na kitambi anafika. Juu unaona ghuba yote ya Winam.

Na huku chini ya huo mlima, mahali panaitwa Nyayanga, wanasayansi walichimbua zana za mawe za kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Zilikuwa pamoja na mifupa ya viboko iliyo na alama za kukatwa. Habari zilitoka Februari 2023 na dunia nzima ikashtuka. Kumaanisha watu wa huku wamekuwa wakichinja na kukata nyama kabla hata binadamu wa leo hajatokea. Nyama choma ina historia, wasee. Pale penyewe ni mahali pa utafiti, hakuna kaunta ya tiketi, kwa hivyo usiende kuchokora mawe.

5. Vuka daraja uende Rusinga

Ukifika Mbita, daraja linakuvusha mpaka kisiwa cha Rusinga bila hata kulowa kiatu. Kama wewe ni wa Nairobi, umepita ile sanamu ya Tom Mboya pale Moi Avenue mara mia moja ukikimbilia gari. Aliuawa kwa risasi barabara hiyo hiyo, 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38. Rusinga ndiko alizikwa. Jengo la kaburi lake limetengenezwa kwa umbo la risasi, na ndani kuna picha na vitu vyake. Ukijua yeye ndiye alisukuma ile mipango ya kupeleka vijana kusoma Marekani kuanzia 1959, unatoka hapo umenyamaza kidogo.

Kisiwa hicho hicho, mwaka wa 1948, Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, nyani wa kale wa miaka kama milioni 18. Kodisha baiskeli ama nduthi, zunguka kisiwa, malizia na ngege wa kukaanga na kuon ya wimbi.

6. Fuata michoro ya Mfangano

Kutoka Mbita unapanda boti. Mfangano ni kisiwa cha milima, na ndani ya mapango ya Kwitone na Mawanga kuna michoro ya duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe. Inasemekana ilichorwa na Watwa, wawindaji waliokuwa hapo kabla ya jamii za leo kufika. Wenyeji waliiheshimu kwa muda mrefu na kuihusisha na mambo ya kuleta mvua.

Anza na makumbusho ya jamii ya Abasuba, yaliyoanzishwa mwaka wa 2000, upate mtu wa kukupeleka juu. Njiani muulize maneno mawili matatu ya Kisuba. Vijana wengi wa huko sasa wanaongea Kijaluo, na lugha ya wazee inazidi kunyamaza. Kwa pango, usiguse mchoro na usimwagie maji ndio rangi itokee vizuri kwa simu. Jasho la kidole chako linaharibu kitu ambacho hakuna mtu aliye hai anaeza kuchora tena.

7. Lala macho na wavuvi wa omena

Hii ndiyo tamu kuliko zote. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, wavuvi wanaingia ziwani na taa. Omena wanafuata mwanga, wavu unateremshwa, wanainuliwa. Kutoka ufuoni unaona mamia ya taa yamepangwa kwa maji, unadhani kuna mji mwingine upande ule.

Ukitaka kuingia na boti, ongea na viongozi wa ufuo mchana, si usiku. Wale wako kazini, wewe ndiye mgeni, kwa hivyo lipia kiti chako na usizuie mikono ya watu. Angalia pia kalenda: kutoka Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ndio wazaane. Na mwezi ukiwa mpevu usisumbuke, hakuna kitu utaona.

8. Migingo, kama una roho

Jiwe chini ya nusu ekari katikati ya maji, mabati yamejaa mpaka ukingoni, mamia ya watu wanaishi hapo kwa sababu ya samaki aina ya mbuta. Kenya na Uganda zimevutania hako kajiwe miaka mingi, na 2009 mambo yalichemka hadi wapimaji wakatumwa kuangalia mpaka. Kando yake kuna Usingo, kisiwa kikubwa zaidi, lakini karibu hakina watu.

Safari inaanzia Muhuru Bay, Migori, na ni ndefu kwa maji ya wazi. Usijiendee tu kama unaenda kilabu. Ongea na maafisa wa Muhuru kwanza, beba kitambulisho, na usipige picha ya mtu mwenye sare bila kuomba. Wakisema leo hapana, ni hapana. Rudi ufuoni, kula samaki.

Sheria za ziwa, na hapa hatucheki

Ziwa Victoria halijui kama uko likizo. Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Tanzania kikiwa karibu kabisa kufika gati, kikiwa kimejaza kupita kiasi. Watu zaidi ya 200 walikufa. Hawakuwa mbali na nchi kavu.

Kwa hivyo:

- Kama hakuna jaketi la kuokolea, hakuna safari. Livae na ulifunge, usilikalie kama mto. Mbogi yako ikikucheka, wacha wacheke.
- Vuka asubuhi. Mchana upepo huamka na mawimbi hupanda. Mwenye boti akisema tungoje, ngoja.
- Hesabu watu. Boti ikijaa, shuka. Hiyo nauli si kitu.
- Usiingie maji ya ufuoni ovyo. Kuna kichocho, na jioni viboko hutoka kula nyasi. Usisimame kati ya kiboko na maji.
- Malaria huku ni ya ukweli. Ongea na daktari kabla ya kutoka, na lala ndani ya neti.
- Kiingilio cha Ruma hulipwa kupitia eCitizen, kwa hivyo maliza hiyo kazi ukiwa na mtandao. Lakini beba keshi kidogo ya visiwani.

Siku tano zinatosha

Siku ya kwanza, fika Kisumu, shika gari la Kendu Bay, lala hapo. Kesho yake amkia Simbi Nyaima, kisha Mlima Homa ama ingia mji wa Homa Bay upumzike. Siku ya tatu ni Ruma alfajiri, jioni uko Mbita. Ya nne, vuka Mfangano asubuhi na mapema, na ukirudi upite Rusinga. Ya tano rudi Homa Bay, pitia Rodi Kopany na Ndhiwa hadi Thimlich Ohinga, kisha toka na upande wa Migori ushike gari la Nairobi. Omena na Migingo ni za safari nyingine, zinataka muda na mwezi mzuri.

Huhitaji kuwa na mamilioni. Mkiwa wanne mkachangishana, gari la Ruma na boti ya Mfangano zinakuwa kitu mnaeza. Kinachohitajika zaidi ni kusalimia watu, kusikiza mwenye boti, na kuacha mawe na michoro vile umeipata.

Dubai itakungoja, wale majengo hawaendi popote. Korongo 15 ndio hatuna uhakika.

Wewe ungeanza na gani? Na kama ushafika moja ya hizi, ulivaa jaketi ama ulilikalia?