Nani anaamua mtoto wa Ikuti aangalie sinema gani?

Niko likizo nyumbani, mvua ya Rungwe inanyesha kama kawaida yake, na mwandishi akiwa likizo masikio hayalali. Ndani ya siku nne nimesikia wazazi watatu wakimuuliza kijana anayeuza filamu kwenye flashi swali lile lile: "Hii inafaa watoto?" Na kijana anajibu lile lile: "Inafaa, ni ya mapigano tu."

Ya mapigano tu! Nimelitafakari sana jibu hilo. Kwamba mtu akikatwa kichwa ni sawa ila wakibusiana ndiyo nongwa, hilo peke yake lina mjadala wake. Lakini kilichonisumbua zaidi ni kwamba mzazi hana mtu mwingine wa kumuuliza. Nikaanza kurudi nyuma kutafuta ilikuwaje tukafika hapa, na nikajikuta narudi hadi kabla ya sinema yenyewe.

Wazee wetu wa Kinyakyusa hawakuwa na skrini, lakini swali la mtoto aone nini na asione nini walikuwa wamelijibu, tena kwa kujenga nyumba. Monica Wilson na mumewe Godfrey, wanaanthropolojia, waliishi na Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938. Mwaka 1951 Monica alitoa kitabu, Good Company, kuhusu vijiji vya rika. Kijana wa kiume akifika umri wa miaka kumi hivi alitoka nyumbani kwa baba yake akaenda kulala na wenzake wa rika katika makazi yao wenyewe. Chakula aliendelea kula kwa mama, tena akija na rafiki zake, na shamba la baba aliendelea kulima. Ila usiku hakulala pale. Sababu ilikuwa heshima: haikufaa mtoto aliyeanza kupata akili awe karibu na mambo ya usiku ya wazazi wake. Na mkwe wa kike alikuwa na miiko mikali zaidi, hakutakiwa hata kukutana na baba mkwe wake.

Naomba hapo tuelewane. Siwaambii turudishe vijiji vya rika (mimi mwenyewe nilipenda sana kulala kwetu). Ninachosema ni kwamba wazee hawakuuliza umri peke yake. Waliuliza pia: nani amekaa na nani? Kitu kile kile kilichokuwa kicheko kwa vijana wa rika moja kilikuwa aibu kubwa baba akiwapo. Leo baba, mama, mkamwana, mjukuu na mgeni wa kanisani wako sebule moja mbele ya runinga moja. Wanandoa wa kwenye filamu wakianza kuvua mashati, baba anakohoa, mama anakumbuka chungu jikoni, na mtoto anaachwa peke yake na rimoti. Sijui ni nyumba ngapi Ikuti ambazo hazijawahi kuiona hiyo.

Sasa sinema. Mwaka 1935 Waingereza wawili, Notcutt na Latham, walianzisha kule Vugiri, kwenye milima ya Usambara, mradi wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika. Fedha zilitoka kwa taasisi ya Carnegie ya Marekani, na Baraza la Kimataifa la Wamisionari lilikuwa nyuma yake. Hadi mradi unafungwa mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35. Moja ya mwanzo ilihusu benki ya akiba ya posta: bwana mmoja anafukia pesa zake ardhini zinaibwa, mwenzake anaweka posta zinabaki salama. Nyingine ilihusu kijana anayekwenda mjini na kuharibikiwa. Maneno yaliwekwa kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo.

Baada yao ikaja idara ya filamu ya makoloni, iliyoundwa London mwaka 1939. Imani yao ilikuwa kwamba Mwafrika hawezi kufuata sinema ngumu, basi apewe picha zinazokwenda polepole, zisizo na vikorombwezo. Hapo ndipo kuna kisa cha kuku ambacho nilikisikia kwa mara ya kwanza darasani Mlimani na sijakisahau. Mtaalamu mmoja, John Wilson, alisimulia kwamba kijijini kulionyeshwa filamu ya dakika kama tano, bwana afya akielekeza namna ya kuondoa maji yaliyotuama nyumbani ili mbu wasizaliane. Watu thelathini na zaidi waliangalia. Walipoulizwa wameona nini, wakajibu: "Tumeona kuku." Waonyeshaji wakashangaa, maana hawakujua kama kulikuwa na kuku. Wakaikagua filamu picha kwa picha, na kweli, kuku alikuwa amekatiza pembeni kwa muda kama wa sekunde moja.

Kisa hicho kilitumika miaka mingi kuthibitisha kwamba mtu mweusi hajui kuangalia sinema. Mimi nakisoma kinyume. Wale watu waliangalia vizuri kuliko waliotengeneza! Waliona kiumbe anayewahusu. Mtoto naye ndivyo alivyo. Wewe mzazi unaona bwana afya, yeye anaona kuku.

Kasoro kubwa ya ukoloni katika jambo hili ilikuwa moja: haukutofautisha mtoto na mtu mzima kama mtu mzima huyo ni mweusi. Mfano ulio karibu nasi ni Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, kwa sababu wanaume wengi wa huku Unyakyusa walikwenda kufanya kazi kwenye migodi ya shaba. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni za migodi zilikuwa zikiwaonyesha wafanyakazi sinema za bei rahisi uwanjani, na zilizopendwa mno zilikuwa za macowboy wa Marekani. Mwanaanthropolojia Hortense Powdermaker, aliyekuwa Luanshya mwaka 1953 na 1954, alikuta wanaume, wanawake na watoto wamejaa pamoja, wakipiga kelele kumshangilia shujaa ambaye kila filamu walimwita jina moja tu, Jack, au kwa matamshi yao "Jeke". Watoto wakawa wanakata makaratasi kuyafanya suruali za cowboy, wanachonga bunduki za mti na kufyatuliana mitaani.

Serikali ilikuwa na bodi ya kukagua, lakini iligawa watu kwa rangi. Filamu aliyoruhusiwa Mzungu iliweza kupigwa marufuku kwa Mwafrika, au kukatwakatwa vipande hadi hadithi ikawa haieleweki. Mtu mwenye wake na watoto, anayeshuka shimoni kila siku, alikuwa kwenye fungu moja na mwanawe wa miaka saba. Cha ajabu, hao watoto wa kweli waliendelea kujazana uwanjani wanavyotaka, na wazee wa Kiafrika kwenye mabaraza ya ushauri ya mijini ndio waliolalamika kwamba watoto wanaharibika. Ukaguzi ulikuwepo, ila haukuwa kwa ajili ya mzazi. Ulikuwa kwa ajili ya serikali kulala usingizi.

Tulipopata uhuru tukajitengenezea vya kwetu. Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa mwaka 1968, na mwaka 1976 ikapitishwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, namba 4 ya mwaka huo. Ndiyo iliyoweka bodi ya ukaguzi, pamoja na kamati za mikoa na wilaya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na ile ya filamu ikafanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2019. Bodi ya Filamu inazipanga filamu katika madaraja ya umri, wenzetu wa Kenya nao wana yao: ya wote, ya uangalizi wa mzazi, 16 na 18.

Tusidhani wenzetu wa Ulaya na Marekani walizaliwa na utaratibu huu. Waingereza waliunda bodi yao mwaka 1912, ikiwa na madaraja mawili tu. Marekani ilianza madaraja ya umri mwaka 1968, na mwaka 1984 ikabidi waongeze daraja la miaka 13. Wazazi walikuwa wamepeleka watoto kuona Gremlins na ile ya Indiana Jones ambamo mtu anang'olewa moyo kifuani, wakiamini zote ni za familia. Walipolalamika, kikaongezwa kidaraja katikati. Baada ya muda wakagundua kwamba namba haitoshi, wakaanza kuandika chini yake kwa nini: kuna damu, kuna matusi, kuna dawa za kulevya. Hayo maneno machache ndiyo ninayoyaonea wivu.

Maana huku kwetu, sheria ikiwa kabatini, filamu zilifika kwa njia nyingine kabisa. Bara hatukuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Kilichotangulia vijijini na kudumu ni deki, jenereta na kibanda umiza: mabenchi, turubai au mabati, giza, na hewa ya watu sitini. Kiingilio hakikuuliza umri, kiliuliza shilingi. Humo ndimo kizazi changu kilimjulia Rambo, Komando, Van Damme na Jet Li, na tukajifunza sheria kuu ya sinema: steringi hafi. Babu zetu wa Luanshya walibishana hivyo hivyo kama Jeke anaweza kufa.

Kwenye vibanda hivyo alikuwapo mtu mmoja ambaye wasomi hatumpi heshima yake, naye ni mtafsiri. Lufufu alisikika hadi vijijini, sauti yake ikiwa juu ya filamu za Kichina, Kihindi na Kimarekani, akifafanua huyu ni nani, yule anamdai nini, na akiongeza chumvi yake. Uganda wana akina VJ Jingo, Kenya wana DJ Afro. Hawa walikuwa wa kwanza kumwambia mtu wa kawaida, kwa lugha yake, ndani ya filamu kuna nini. Tatizo ni kwamba walisema filamu ikiwa tayari inakwenda, na mtoto ameshakaa benchi la mbele.

Kisha zikaja filamu zetu wenyewe, na hapa niseme kuhusu Nsyuka. Ni filamu ya Mussa Banzi ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, moja ya filamu za kwanza kabisa za kutisha za Kibongo. Kwa mtoto wa Kariakoo hilo ni jina la zimwi, kama zimwi lingine. Kwa mtoto wa Ikuti neno hilo ni la nyumbani. Abasyuka ni waliotutangulia, ni marehemu wa ukoo, wale ambao bibi hutaja kwa sauti ya chini. Ukimwonyesha mtoto huyo marehemu wa ukoo akinyonya watu damu, hujamwonyesha hadithi ya mbali. Bandika daraja lolote kwenye kasha la filamu hiyo, halitasema hilo. Mtu wa Dar es Salaam anayekagua hawezi kulijua. Wa kulijua ni mzazi wa hapa, na kwa kawaida huyo hajaambiwa chochote zaidi ya picha ya kwenye kasha.

Ndiyo maana msimamo wangu, na mnaruhusiwa kunipinga, ni kwamba tumetumia karibu miaka tisini kugombania nani akataze, na hatujawahi kukaa kuandika mistari miwili ya Kiswahili inayoeleza filamu ina nini. Bodi inakagua, basi wakaguzi wameshaona. Waandike: mama wa mtoto anauawa mwanzoni, kuna kitanda dakika ya arobaini, kuna mzimu wa ndugu wa karibu, mwizi anashinda mwisho. Mzazi akipata hayo ataamua mwenyewe, kwa kuangalia mwanawe ni mtu wa namna gani na nani mwingine atakuwa sebuleni. Hapa Rungwe kuna afisa utamaduni, kuna redio, kuna mbao za matangazo za vijiji. Haihitaji bajeti ya kutisha.

Wakati tunasubiri, dada yangu ana utaratibu wake. Haulizi filamu ilikuwa nzuri. Anamwambia mtoto, "Haya, nisimulie," na anaendelea kumenya ndizi. Juzi mpwa wangu, mwenye miaka tisa, alisimulia filamu ambayo mimi na shemeji tuliiangalia naye mwanzo hadi mwisho. Sisi tuliona risasi, magari na helikopta, na tulikubaliana kwamba ni nyepesi tu. Yeye hakutaja hata risasi moja. Alisimulia kuhusu baba aliyepokea simu, akamwambia mwanawe nakuja sasa hivi, akatoka, na hakuonekana tena hadi filamu ikaisha. Baba wa mpwa wangu hufanya kazi Tunduma na hurudi mwisho wa mwezi. Dada akaacha kisu, akamwambia shemeji ampigie mtoto hadithi ya safari yake ya Jumatatu: anaondoka saa ngapi, analala wapi, anarudi lini.