Beni: Ngoma Iliyosafiri na Lugha

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Tuliikumbuka methali hii mwezi mmoja wa Februari, katika joto la kaskazi, tuliposimama kando ya barabara huko Unguja pamoja na umati wa watu waliokuja kusikiliza bendi. Mwezi huo ndio wa tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, na ambalo kwa miaka mingi jukwaa lake kuu limekuwa ndani ya Ngome Kongwe, ile ngome iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya Wareno kufukuzwa mwishoni mwa karne ya 17. Humo watu huketi chini au husimama na kucheza, paa lao ni mbingu, hadi usiku wa manane. Kanuni ya tamasha ni kwamba muziki wote upigwe papo hapo na wanamuziki wenyewe, wala usitolewe katika kanda.

Hata hivyo, kilichotugusa zaidi hakikuwa jukwaani. Kabla ya jukwaa kufunguliwa, lilipita gwaride mitaani: matarumbeta yaliyochubuka rangi, ngoma kubwa iliyoning'inizwa kifuani, vijana wakirusha mabega, na kina mama wa makamo wakifuata nyuma kwa mwendo wa madaha, kanga zimefungwa viunoni. Mzee mmoja aliyesimama karibu nasi, alipotambua kwa matamshi yetu kwamba tumetoka bara, alitwambia: "Hii ndiyo beni, mwalimu. Hayo mengine yote yamekuja jana."

Neno lile lilitufikirisha sana, kwa sababu tulikuwa na deni. Katika darasa letu mjini Lubumbashi, mwanafunzi mmoja aliwahi kutuuliza: "Mwalimu, ikiwa Kiswahili kililetwa kwetu na askari na wakubwa wa migodi, kwa nini tukipende?" Siku ile tulimjibu kwa maneno ya kitabuni, naye akaketi bila kuridhika. Makala haya ni jibu lililochelewa. Tunakusudia kueleza kwa ufupi historia ya beni, namna ilivyotoka pwani ikaingia bara, na mafunzo tunayoweza kuyapata sisi tunaosomesha Kiswahili nje ya mipaka ya Kenya na Tanzania.

Neno na chimbuko lake

Neno "beni" limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kundi la wapiga muziki. Walimu wenzetu watatambua kwamba neno hilohilo liliingia katika lugha yetu mara mbili. Mara ya kwanza liliingia kwa masikio ya watu wa mitaani, likawa "beni". Mara ya pili liliingia baadaye, katika zama za muziki wa dansi, likawa "bendi". Kila umbo limebaki na maana yake. Beni ni ngoma ya gwaride na mashindano. Bendi ni kundi la wanamuziki wenye magita na vipaza sauti. Kule bara, katika Katanga na katika eneo la migodi ya shaba ya Zambia ya leo, umbo la kwanza lilipata sauti ya "m" mwanzoni, likawa "mbeni".

Beni ilizaliwa katika miji ya pwani ya Kenya, hasa Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Wakati huo wenyeji walikuwa wamezoea kusikia bendi za matarumbeta za manowari, za majeshi na za misheni, na Sultani wa Unguja naye alikuwa na bendi yake. Vijana wa pwani walitazama gwaride, sare na vyeo vya Wazungu, kisha wakavichukua na kuvitia katika jambo walilokuwa nalo tangu zamani, yaani mashindano ya ngoma baina ya mitaa. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake kuhusu ngoma na jamii katika Afrika ya Mashariki kilichotoka mwaka 1975, amelisisitiza sana jambo hili. Sura ya beni ilikuwa ya kigeni, lakini kiini chake kilikuwa cha Waswahili wenyewe. Mji wa Lamu ulikuwa tangu kale umegawanyika pande mbili, Mkomani na Langoni, na pande hizo zilikuwa zikishindana kwa ngoma na kwa mashairi kabla tarumbeta la kwanza halijapulizwa.

Mashindano ya uwanjani

Huko Mombasa palikuwa na vikundi kama Kingi na Skochi. Hawa wa pili walijipatia jina kwa askari wa Uskoti, na sare zao waliziiga. Huko Tanganyika, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Wajerumani, vilitokea vikundi viwili vikuu, Marini na Arinoti. Jina la Marini linakumbusha mabaharia. Wafuasi wake walijihesabu kuwa watu wa heshima, makarani na watoto wa miji. Arinoti walikuwa zaidi watu wa kazi za mikono na wageni waliotoka bara. Vikundi vyote viwili vilikuwa na matawi katika miji mingi.

Hebu msomaji ajaribu kuiona siku ya mashindano. Hapakuwa na ukumbi wala kiingilio. Palikuwa na uwanja, au barabara, au kiwanja cha mchanga, na mji mzima ukatoka nje. Kikundi kimoja kiliingia kwa mistari iliyonyooka, mbele yake maofisa waliovaa mavazi ya kijeshi, nyuma yao wapigaji. Waliokosa matarumbeta ya shaba walitumia vibuyu na pembe, na sauti ikatoka. Baada ya gwaride zilifuata nyimbo, na nyimbo ndizo zilizosubiriwa kwa hamu. Mtunzi alimtupia mpinzani wake fumbo. Mpinzani alipaswa kulifumbua na kulijibu, ama sivyo upande wake ungeaibika mbele za watu. Watazamaji hawakukaa kimya. Walicheka, walitunza, walipiga vigelegele, na kesho yake walirudia maneno yale sokoni na visimani. Baada ya ngoma walikula karamu, na hizo nazo zilikuwa za kushindana, kila upande ukitaka kuushinda mwingine kwa ukarimu.

Kila kikundi kilikuwa na mfalme wake, majemadari wake na madaktari wake. Wako waliodhani kwamba huo ulikuwa uigaji mtupu wa wakubwa. Sisi hatukubaliani nao. Mwanachama alitoa mchango, na mchango huo ulimzika aliyekufa, ulimsaidia mgonjwa, na ulimpokea mgeni aliyefika kutoka tawi la mji mwingine akiwa hana ndugu. Katika zama ambazo Mwafrika hakuruhusiwa kushika cheo chochote kikubwa, hapa alijifunza kuendesha chama, kuweka hesabu na kuandika barua. Barua hizo zilikwenda kutoka tawi hadi tawi, na lugha yake ilikuwa Kiswahili.

Vita na safari ya bara

Mwaka 1914 vita vya kwanza vya dunia viliingia Afrika ya Mashariki. Hapa hatuna budi kusema kweli bila kuipamba. Vita vile vilikuwa balaa. Mamia ya maelfu ya wapagazi walichukuliwa, wengi wao kwa nguvu, wakabeba mizigo ya majeshi ambayo hayakuwa yao, na makumi ya maelfu walikufa kwa njaa na maradhi. Mwaka 1916 askari wa Kongo ya Wabelgiji waliingia Rwanda na Burundi, na mwezi wa Septemba mwaka huo waliuteka mji wa Tabora. Vita viliendelea hadi Novemba 1918, jeshi la Wajerumani lilipoweka silaha chini huko Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia.

Katika kambi za askari na wapagazi, watu wa makabila mengi walikutana usiku kando ya moto, na lugha waliyoweza kusikilizana kwayo ilikuwa Kiswahili. Beni ilichezwa katika majeshi ya pande zote mbili. Watu waliokuwa wakipigana mchana chini ya bendera tofauti walikuwa wanajua ngoma moja. Vita vilipokwisha, waliosalia walirudi makwao na ngoma hiyo. Huko Malawi ilizaa mganda na malipenga, jina lenye maana ya mabaragumu, na wachezaji wake walipuliza vibuyu vilivyotengenezwa kwa ustadi. Katika migodi ya shaba ya Zambia ilijulikana kama mbeni, na baadaye ikazaa kalela, ngoma ambayo J. Clyde Mitchell aliiandikia kitabu mwaka 1956.

Serikali za kikoloni ziliingiwa na hofu. Tangu mwaka 1919 maofisa wa Kiingereza walifanya uchunguzi, wakitaka kujua kama beni ilikuwa chama cha siri cha uasi. Wakubwa wa misheni wengi nao waliikemea, wakiiona kuwa ni upuuzi na anasa. Wachimbaji wa shaba walipogoma mwaka 1935, tume iliyoundwa kuchunguza mgomo ule iliitazama mbeni kwa makini, kwa kuwa watu waliozoea kujipanga kwa ngoma waliweza pia kujipanga kwa jambo jingine.

Kwetu Katanga

Katika miaka ya 1920 mbeni ilikuwa ikichezwa Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Tunajua vilevile kwamba kampuni ya migodi na serikali ya Wabelgiji walikitumia Kiswahili kwa faida yao, ili kuwaamrisha wafanyakazi waliotoka Maniema, Kasai, Rwanda na Burundi. Kwa hiyo mwanafunzi wetu hakukosea. Amri ilikuwapo, na bunduki ilikuwapo.

Lakini amri peke yake haielezi kila kitu. Mfanyakazi aliyeamrishwa kwa Kiswahili toka asubuhi hadi jioni angeweza kukiacha mlangoni mwa mgodi, akarudi kwa lugha ya mama yake. Jumapili hakuna msimamizi aliyemshurutisha kutunga wimbo. Alipotoka uwanjani siku hiyo, akavaa sare aliyoinunua kwa fedha yake mwenyewe, akaimba kwa Kiswahili ili mwenziwe wa kabila jingine asikie fumbo na kucheka, lugha ile haikuwa tena ya bwana. Ilikuwa yake. Bunduki iliweza kukileta Kiswahili, lakini kukifanya kikae iliwahitaji watu waliokifurahia. Hilo ndilo jibu tulilopaswa kumpa mwanafunzi wetu. Na mbegu hiyo haikufa: mwaka 1952 Hugh Tracey alipofika Jadotville, yaani Likasi, alimrekodi Mwenda Jean-Bosco, mpiga gita wa Katanga aliyeimba kwa Kiswahili, na sauti yake ikafika mbali sana na kwao.

Kilichopungua na kilichobaki

Baada ya vita vya pili vya dunia beni ilianza kupungua. Vijana walivutwa na muziki wa dansi, na waliopenda kuongoza watu walipata nafasi katika vyama vya wafanyakazi na vya siasa. Katika sehemu nyingi za bara kilichobaki ni kumbukumbu za wazee. Huko Unguja, hata hivyo, beni imeendelea kupigwa kwenye harusi na sherehe, na ndiyo maana tuliikuta mbele ya gwaride la tamasha.

Jambo moja zaidi halina budi kusemwa. Mwaka 2016 tamasha la Sauti za Busara halikufanyika kwa ajili ya upungufu wa fedha. Lilirudi mwaka uliofuata, nasi tulifurahi. Lakini tunapolinganisha, tunaona kwamba beni ya zamani iliishi kwa senti za wachezaji wake, wakiwa maskini kuliko sisi. Bendi za kwetu zipigazo katika viwanja vya mitaa, zisizo na wafadhili wakubwa, zinategemea sisi tuzitunze kama methali inavyotaka.

Sisi walimu tuna sehemu yetu. Katika ujana wetu, kuimba wimbo wa bendi katika uwanja wa shule kulituletea adhabu, kwani ilisemekana kwamba nyimbo hizo huharibu lugha. Tusiirudie adhabu hiyo. Tunapendekeza kila mwalimu awape wanafunzi wake kazi moja: wamwendee mzee wa mtaa, wamwulize ni ngoma gani na bendi gani zilizopigwa hadharani siku za ujana wake, nani alitunga, walishindana na nani, na kwa lugha gani. Wayaandike majibu kama yalivyosemwa, bila kuyasahihisha. Kisha darasani walinganishe Kiswahili hicho na Kiswahili sanifu, pasipo kukicheka kimojawapo. Sisi tumekwisha kuanza na darasa letu, na yule mwanafunzi aliyetuuliza swali alikuwa wa kwanza kuleta daftari lake.