Upepo wa Tanuu

Babu yangu alikuwa mchoma chokaa Kisauni kabla saruji haijashika soko, nami nimefundisha kemia hukohuko mpaka nikastaafu. Kazi ni ileile, ila yake ilitoa moshi.

Tanuu lake halikuwa na kuta. Magogo ya mikoko yalipangwa duara, tabaka juu ya tabaka, katikati pakaachwa tundu la kutilia moto. Mawe ya matumbawe yakakaa juu. Babu alisubiri mvua ziishe na kusi ivume. Watu walidhani upepo ni wa kuchochea moto tu.

Jiwe la matumbawe ni kalisi kaboneti. Likipata joto kali hutoa kaboni dioksidi, ikabaki chokaa. Kilo 100 za jiwe safi huacha kilo 56. Zilizobaki, 44, hupaa angani. Gesi hiyo ikizuiliwa palepale hurudia chokaa na kuifanya jiwe tena.

Mwaka 1864, Cato Guldberg na Peter Waage wa Norwei walianza kuitafutia kanuni vuta nikuvute ya namna hii. Siku hizi mwalimu huandika Q kwa hali iliyopo na K kwa hali ya msawazo. Kwenye tanuu, jiwe na chokaa havihesabiwi. Q ni shinikizo la gesi peke yake. Ikiwa chini ya K, jiwe huendelea kuvunjika. Ikizidi, chokaa hurudi kuwa jiwe. Zikilingana, kuvunjika na kurudi huenda kwa kasi moja, na anayetazama huona kama hakuna linalotendeka. Karibu digrii 900 za Selsiasi, K ya mmenyuko huu hufikia shinikizo la kawaida la hewa. Kusi iliipeperusha gesi kabla haijajaa, hivyo hata pale moto ulipopungukiwa na digrii hizo, jiwe liliiva. Hilo babu alilijua bila herufi yoyote.

Chokaa ilimwagiwa maji, ikachemka bila moto, kisha ikaachwa ipoe na kulainika. Ukutani mambo yaligeuka: katika joto la kawaida K ni ndogo mno, na gesi kidogo iliyomo hewani inatosha kuizidi. Lipu ikawa jiwe taratibu, kuanzia nje kuingia ndani. Ng'ambo ya Mtwapa, kuta za Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14, zingali zimesimama.

Kiwanda cha Bamburi, alichokianzisha Felix Mandl mwaka 1951, ndicho kilichozima matanuu ya kina babu. Nacho huanza kwa kuvunja jiwe lilelile, halafu hupandisha joto hadi karibu digrii 1,450. Machimbo yake yalianza kupandwa mivinje mwaka 1971 chini ya René Haller. Watu huisifu misitu hiyo, nami naisifu, lakini gesi iliyopaa haitajwi sana.

Zege nalo hunywa gesi ya hewani. Kwenye lipu ya babu hilo lilikuwa faida. Kwenye nguzo za ghorofa ni balaa, kwa kuwa gesi ikizama hadi kwenye nondo, ile kinga ya chokaa huisha na chuma huanza kushika kutu.