Buhangija, Shule Iliyoanza na Wasioona

Kabla jina la Buhangija halijavuma kwa habari za kutisha, shule hii ya Manispaa ya Shinyanga ilikuwa ya watoto wasioona. Walisoma kwa ncha za vidole, kwa nukta sita za Louis Braille. Baadaye wakapokelewa viziwi, na mikono ikapata kazi ya pili: kuzungumza.

Kisha yakaja mauaji. Katikati ya miaka ya 2000, Kanda ya Ziwa ilianza kushuhudia watu wenye ualbino wakiuawa kwa imani kwamba viungo vyao huvuta dhahabu machimboni na samaki ziwani. Uongo mtupu, na uliua watoto. Mwaka 2009 mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa kumuua mvulana wa Bukombe, wilaya ambayo sasa iko mkoani Geita. Watoto wenye ualbino wakahifadhiwa Buhangija, mbali na wazazi wao.

Tukirudi kwa wasioona na viziwi, asiyeona wala kusikia kwa pamoja anahitaji zaidi yao: alama zinazofanywa mikononi mwake, na mwalimu mwenye subira. Elimu hiyo si anasa. Haben Girma, asiyeona wala kusikia, mzaliwa wa Marekani mwenye asili ya Eritrea, alihitimu sheria Harvard mwaka 2013, akatoa kitabu cha maisha yake mwaka 2019. Anayezungumza naye huchapa kwenye kibodi. Haben huyasoma maneno kwa vidole, kwa breli.